Kufufua na Kupaka Upya Trekta la Zamani Nyumbani: Mfano wa Massey Ferguson 135

Swali la kwanza huwa ni lilelile: "Ninunue rangi gani?" Kisha yanafuata mengine. Rangi ya zamani ikwanguliwe yote au nipake juu yake? Injini ifunguliwe? Msasa namba ngapi? Bila kompresa inawezekana? Yote yana majibu, na nimeyapanga hapa kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda ili usiruke hatua.

Rangi ni kazi ya mwisho. Nalisema mapema kwa sababu hapo ndipo matrekta mengi mazuri yanapoharibiwa. Mtu ananunua makopo, anapulizia juu ya grisi na kutu, trekta linang'aa majuma machache, halafu masika yakiingia rangi inabanduka mabamba mabamba. Ukifanya kazi hii inavyotakiwa, muda wako mwingi utaishia kwenye kuosha, kufungua, kuziba mavujo na kupiga msasa. Kupulizia rangi kwenyewe ni shughuli ya siku chache tu.

Natumia MF 135 kama mfano kwa sababu ndilo utakalolikuta limelala nyuma ya ghala kuanzia Karatu hadi Kitale. Lilianza kuundwa mwishoni mwa 1964, na la Uingereza lilitoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry. Mengi yaliyopo kwetu yana injini ya dizeli ya Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5. Injini hiyo iliendelea kutumika kwenye MF 240, kwa hiyo gasketi, filta na sili bado zinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Kama lako ni MF 35, MF 165 au Ford, hatua ni hizihizi. Kitakachobadilika ni rangi na vipimo.

Ninachoelekeza hapa ni kwa trekta litakalorudi kulima. La maonyesho lina masharti mengine.

Vitu vya kuandaa kabla hujagusa nati

Mahali: paa, sakafu ngumu, na upande wa kuzuia upepo. Banda la mabati linatosha, mradi watoto na kuku wasiingie. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu.

Jeki na stendi: trekta hili lina uzito wa takribani tani moja na nusu. Usilikalishe juu ya tofali za saruji, kwa maana tofali hupasuka ghafla. Kama huna stendi za chuma, tumia vipande vya mbao ngumu vilivyokatwa mraba, uvipange kwa kupishana.

Spana za inchi: hili wengi hawalijui. Bolti za MF 135 la Uingereza ni za inchi, si milimita. Spana ya 19 inashika nati ya 3/4 vizuri, na ya 11 inakaribia 7/16. Lakini ya 13 inacheza kwenye nati ya 1/2, ya 14 haiingii kwenye 9/16, na ya 15 inaizungusha mpaka pembe zinaisha. Azima au nunua seti ya inchi kabla hujaanza.

Vya kusafishia: mafuta ya taa au dizeli, sabuni ya unga, skrepa, brashi za waya, grenda yenye kikombe cha waya, msasa namba 80, 120 na 240, na wa maji namba 400.

Rangi: kwa trekta la ukubwa huu kadiria lita 4 za praima, lita 3 za nyekundu, lita 3 za kijivu na lita 1 ya rangi ya rimu. Thina iwe ya aina moja na rangi yako.

Kinga: miwani, glavu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Sasa, rangi gani? Kwa kazi ya nyumbani nachagua enameli ya sintetiki, ile ya mashine au magari. Inakauka polepole lakini inastahimili dizeli na jua, na inakubali hata brashi. NC (rangi ya nitroselulosi) hukauka haraka ila ni laini na dizeli huila. Rangi ya 2K, yenye hadena (kemikali ya kuikaza), ndiyo ngumu kuliko zote, lakini hadena yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Mafundi wanaoipulizia kwa usalama huvaa barakoa inayopokea hewa safi kwa bomba kutoka nje. Kama huna kifaa hicho, usiipulizie nyumbani.

Hatua ya 1: Piga picha, andika

Piga picha kila upande, hasa njia za nyaya, mabomba ya dizeli, springi na viungo vya breki. Nakili namba ya trekta kutoka kwenye kibati kilichopo eneo la dashibodi. Utaitaja kila unapoulizia kipuri. Kabla ya kutoa betri, andika ni waya upi umeshika bodi, chanya au hasi. Matrekta ya zamani hayafanani katika hilo, na mengi yameshabadilishwa na mafundi.

Hatua ya 2: Osha mpaka uone chuma

Injini iwe baridi kabisa. Maji ya baridi juu ya pampu ya dizeli iliyopata moto yanaweza kuikamatisha, na kuitengeneza ni gharama kubwa. Funga kwa nailoni mdomo wa ekzosi, njia ya hewa, dainamo na pampu.

Kwangua tope gumu kwa skrepa, paka mafuta ya taa kwa brashi, acha yalainishe, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Rudia. Sehemu ngumu ni chini ya giaboksi na kuzunguka mikono ya kuinulia jembe, kwani huko grisi na udongo vimeshikana kwa miaka. Usitumie petroli kuoshea: mvuke wake unatambaa chini na cheche ndogo inatosha. Maji machafu yasielekee kisimani wala mtoni.

Hatua ya 3: Liwashe, tafuta mavujo

Kabla hujafungua chochote kikubwa, jua hali ya mashine. Kama limelala miaka, usikimbilie stata. Toa nozeli tatu, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, acha siku mbili tatu, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, endelea. Mwaga dizeli ya zamani, badilisha filta na oili, rudisha nozeli, toa upepo kwenye mfumo wa dizeli, ndipo upige stata.

Likishawaka, liache lipate moto, inua na kushusha mikono ya nyuma mara kadhaa, kisha zunguka na chaki ukiweka alama kila palipolowa. Angalia hasa kava ya vali, sampu (bakuli la oili chini ya injini), kava ya mbele ya taimingi, pale injini inapoungana na giaboksi, shafti ya mikono ya kuinulia, na ndani ya rimu za nyuma. Oili kwenye rimu za nyuma maana yake sili za ekseli zimekwisha na huenda breki nazo zimelowa.

Chora ramani ya mavujo hayo. Ndiyo orodha yako ya kazi.

Hatua ya 4: Fungua kwa mpangilio

Anza na boneti, kisha grili, taa, betri na boksi lake, tangi la dizeli, madigadi, kiti. Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake wenye jina: "madigadi kulia", "tangi nyuma". Chombo kimoja chenye bolti zote kitakupotezea muda mwingi kuliko msasa wote.

Bolti iliyokataa usiivutie bomba refu mara moja. Ipake dizeli iliyochanganywa na oili, acha usiku kucha, igonge kichwani kwa nyundo, jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikikataa bado, ipashe moto, lakini kamwe si karibu na tangi au mabomba ya dizeli. Na tangi lenyewe lisichomelewe hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndani unalipuka. Lipeleke kwa fundi wa rejeta anayejua kulisafisha kwanza.

Matairi ya nyuma: huku kwetu mengi yamejazwa maji ili kuongeza uzito. Bonyeza pini ya valvu ikiwa chini ujue kilichomo. Tairi lenye maji likimwangukia mtu linamvunja, kwa hiyo usilitoe peke yako.

Hatua ya 5: Ziba mavujo

Kava ya vali, sampu, kava ya mbele na sili za ekseli unaweza kuzifanya nyumbani ukiwa na subira. Safisha nyuso zote mbili, weka gasketi mpya, kaza bolti kwa kupishana. Wakati kava ya vali iko wazi, pima nafasi ya vali: milimita 0.30 injini ikiwa baridi.

Uvujaji kati ya injini na giaboksi ni habari nyingine. Mara nyingi ni sili ya nyuma ya krenki au ya shafti ya giaboksi, na kuifikia lazima trekta lifunguliwe bolti na kutenganishwa vipande viwili. Kama hujawahi kuifanya, ita fundi anayejua. Ukisimama naye, hakikisha kabari za mbao zimepigwa kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake, pande zote mbili. Ekseli hiyo inacheza katikati. Bila kabari, nusu ya mbele ikishatenganishwa inalala ubavu na yeyote aliye karibu anaumia. Klachi nayo iangaliwe hapohapo, kwa kuwa kuifikia baadaye ni kurudia kazi yote.

Ukifungua breki, usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lowanisha, futa kwa kitambaa, tia kitambaa kwenye mfuko, funga.

Kisha liwashe tena. Kama chaki zako zote zimebaki kavu, sasa unaweza kuanza kufikiria rangi.

Hatua ya 6: Toa kutu na rangi ya zamani

Si lazima ukwangue rangi yote. Pale iliposhika kwa nguvu, na kucha au kisu hakiinui kitu, msasa wa 120 wa kuitia ukwaruzo unatosha. Palipobonyea, palipopasuka au penye kutu chini yake, nenda mpaka chuma cheupe.

Kwa mabati makubwa tumia kikombe cha waya kwenye grenda, ukimalizia na msasa 80 kisha 120. Miwani isitoke usoni. Nyuzi za waya zinaruka kama sindano. Msasa wa maji ni bora zaidi kwa rangi ya zamani, maana hautoi vumbi.

Kwa vitu vidogo vyenye kutu ya ndani (mabano, minyororo, pini, vichwa vya bolti) kuna njia ninayoipenda sana na ni rahisi kwa aliye jirani na kiwanda cha sukari: molasi. Changanya sehemu 1 ya molasi na 9 za maji kwenye pipa la plastiki, tumbukiza vyuma, acha wiki moja hadi tatu. Kutu inaachia yenyewe na chuma kizima hakiguswi. Inanuka, kwa hiyo pipa liwe mbali na nyumba na lifunikwe. Usitie alumini humo, wala kitu chenye beringi. Ukitoa, osha kwa maji, kausha mara moja na upake praima siku hiyohiyo.

Watu huuliza kuhusu kupiga mchanga kwa presha. Kwa rimu, sawa. Kwa boneti na madigadi, hapana. Bati jembamba linapata moto na kupinda, na halinyooki tena. Kwa injini na giaboksi, usithubutu. Chembe za mchanga zikipita kwenye sili zitakula beringi, na hutajua mpaka mambo yameharibika. Kostiki soda nayo inaondoa rangi vizuri kwenye chuma, lakini inakula alumini na ngozi yako.

Hatua ya 7: Nyoosha mabati

Mibonyeo mikubwa igongwe kutoka ndani, kwa nyundo ya uso bapa na kipande kizito cha chuma upande wa pili. Matundu yachomelewe kwa kiraka cha bati. Pati ni ya kusawazisha tu, isizidi milimita 3. Pati iliyojazwa kwenye tundu itaanguka kwa mtikisiko wa kulima. Madigadi ya nyuma karibu kila mara yameoza pale yanapofungwa kwenye ekseli, kwa sababu tope hukaa hapo. Kata sehemu iliyooza yote, usiifunike.

Hatua ya 8: Praima

Futa kila kitu kwa kitambaa safi chenye thina, kisha kitambaa kingine kikavu. Kuanzia hapo usiguse chuma kwa mkono mtupu. Jasho na mafuta ya ngozi vinatosha kuizuia rangi isishike.

Chuma kilicho wazi kipakwe praima siku ileile. Pwani, usiku mmoja tu kinaweza kuanza kuota kutu. Pulizia mikono (yaani tabaka) miwili myepesi, acha ikauke kama kopo linavyosema, piga msasa wa maji 400, osha, kausha. Praima hunyonya maji, kwa hiyo usiache mabati nje yakinyeshewa ukisubiri hela ya rangi.

Rangi ya praima chini ya nyekundu iwe moja kila mahali. Nyekundu hufunika kwa shida. Ukiwa na sehemu nyeusi na sehemu nyeupe chini, trekta litakuwa na wekundu wa aina mbili.

Hatua ya 9: Rangi

MF 135 lina boneti na madigadi mekundu, injini na giaboksi vya kijivu, na rimu za rangi ya fedha. Kivuli cha kijivu kilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, basi tafuta rangi halisi mahali ambapo jua halijafika, kama chini ya boksi la betri au nyuma ya mabano, na mpelekee muuza rangi kipande hicho akulinganishie.

Anza na kijivu, trekta likiwa halina mabati. Funika kwanza visivyopakwa: kibati cha namba, mabomba ya mpira, sili, tundu la kupumulia la giaboksi, kijiti cha oili, meno ya shafti ya PTO (ile ya nyuma inayozungusha zana), na kila nyuso zinazosuguana. Rejeta isipakwe kwenye mapezi. Rangi nene inazuia joto kutoka. Ekzosi inahitaji rangi yake ya kustahimili moto.

Chagua asubuhi umande ukishakauka, siku isiyo na upepo. Mwaga maji sakafuni vumbi litulie. Tumia bunduki yenye tundu la milimita 1.4, presha takribani ya baa 2 hadi 3. Shika bunduki sentimita 20 hivi kutoka kwenye bati, mkono utembee sambamba na bati bila kuchora upinde, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba bado unaona praima. Subiri dakika 15, pulizia wa pili uliojaa, kisha wa tatu ukihitajika. Anzia kwenye kingo na pembe, malizia kwenye uso mpana.

Huna kompresa? Brashi laini ya upana wa inchi 2 au 3, enameli iliyolegezwa kidogo, mikono mitatu myembamba na msasa wa 400 katikati. Injini na giaboksi zilizopakwa kwa brashi huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Boneti utaiona ukisogea karibu, na kwa trekta la shamba si kosa.

Hatua ya 10: Rudisha

Enameli ikikauka kwa kugusa bado ni laini ndani. Ipe juma zima kabla ya kufunga mabati, la sivyo washa zitaing'oa. Weka mpira mwembamba au washa za plastiki pale bati linapokutana na bati. Kwangua rangi pale waya wa bodi unapofungwa. Stika za pembeni zibandike juu ya maji yenye sabuni kidogo ili uweze kuzisogeza, kisha zikamue kwa kipande cha plastiki. Kaza nati za rimu, fanya kazi siku moja, kaza tena.

Yakiharibika

*Rangi inajikunja ikipakwa.* Thina kali imeilainisha rangi ya chini. Hutokea sana NC ikipakwa juu ya enameli. Subiri ikauke kabisa, kwangua sehemu hiyo hadi chuma, anza na praima.

*Vishimo vya mviringo vinavyokataa rangi.* Kuna mafuta kwenye bati, au kompresa yako inatema oili. Simamisha kazi, acha ikauke, sugua, futa kwa thina. Mwaga maji ya tangi la kompresa na weka kichujio.

*Uso wa vinundu kama ganda la chungwa.* Rangi nzito mno, au uko mbali, au jua ni kali na inakauka hewani. Ikikauka, msasa wa maji, mkono mwingine uliolegezwa vizuri.

*Machozi yanatiririka.* Umekaa mahali pamoja au uko karibu mno. Usifute ikiwa mbichi. Acha siku kadhaa, sawazisha kwa msasa wa maji, pulizia upya.

*Utando mweupe.* Unyevu wa hewa, hasa kwa NC na hasa pwani. Pulizia saa zenye hewa kavu zaidi, na uombe thina inayokauka polepole.

*Injini inazunguka bila kuwaka baada ya kufungwa.* Upepo kwenye dizeli. Pampu kwa mkono kwenye pampu ndogo ya ubavuni, legeza skrubu ya juu ya filta mpaka mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye skrubu za pampu kubwa, kisha nati za mabomba kwenye nozeli wakati mwenzako akipiga stata. Mikono isikae mbele ya nozeli: dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana dogo.

*Stata inalia "tik" tu, taa hafifu.* Waya wa bodi umefungwa juu ya rangi. Kwangua.

*Mikono ya nyuma inainua kwa kusuasua.* Kwenye trekta hili giaboksi na haidroliki vinatumia oili moja. Angalia kijiti kwanza, kisha kichujio cha ndani. Kama oili ina weupe kama maziwa, imeingia maji, imwage yote.

*Linapata moto kupita kiasi.* Puliza rejeta kwa maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, mpaka makapi na udongo vitoke. Halafu angalia kama mkanda wa feni umelegea.